Banda la Vyumba Viwili

Wapendwa, kaeni vizuri. Na wale mnaotazama saa, itazameni sasa mmalize, kwa sababu leo nawapeleka kwenye banda la kuku na sitawarudisha haraka.

Kulikuwa na mkulima mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kugeuza shingo kumtafuta kwenye mabenchi, na humu hayumo. Mkulima huyu alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema kabisa, kwa sababu humu kanisani tukisikia tu "kulikuwa na mkulima mmoja" tunakaa tayari kumsubiri aonekane mchoyo au mjinga ili tumcheke. Huyu hakuwa mchoyo, na ujinga wake ulikuwa kama wangu na wako. Alikuwa na shamba la viazi, mahindi ya kula mwaka mzima, migomba michache nyuma ya nyumba, na afya yake. Mke wake wa kwanza alifariki. Watoto wakaoa, wakaolewa, wakaenda zao, na nyumba ikabaki na sauti ya redio peke yake. Alikaa hivyo miaka minne. Halafu Mungu akamwona, akampatia mama mmoja mjane wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Wakafunga ndoa, pilau ikaliwa, vigelegele vikapigwa, mama akahamia.

Alihamia na nini? Sanduku moja la nguo, sufuria mbili alizozizoea, na tenga la kuku. Ndani ya tenga kuku saba na bata watatu. Wale kuku walikuwa vishingo, mnawajua, wale wenye shingo isiyo na unyoya hata mmoja, utadhani wamekwenda kunyolewa. Kuku wa mkulima wao walikuwa wa manyoya tele mpaka kwenye shingo. Kwa hiyo ukisimama uani pale ungewajua mara moja: hawa wa nyumbani, hawa wa mama.

Na wafugaji mnajua kilichotokea. Kuku mgeni akiingia uani hapokelewi kwa maua. Kuku wa nyumbani waliwashambulia wale vishingo wiki mbili nzima, wakawadonoa, wakawafukuza kwenye pumba. Mmoja akatobolewa jicho. Mkulima alimkuta mkewe amechuchumaa nyuma ya jiko, amempakata yule kuku, anamsafisha jicho kwa maji ya chumvi. Hakulalamika hata neno moja. Mkulima alisimama pale akaona uchungu, akaapa moyoni: kuku wa mke wangu hatadonolewa tena kwenye boma hili.

Sasa niwaambie kuhusu huyo mama. Alikuwa na adabu. Mkulima akisema tupande maharage huku, anajibiwa, "Sawa, mzee." Akisema leo tule viazi, "Kama utakavyoona, mzee." Alipika vizuri, alifagia vizuri, alilima kuliko kijana. Marafiki wa mkulima wakikaa naye wanatikisa vichwa. "Bwana, wewe umepata mke! Wa kwangu nikiweka kofia vibaya, mtaa wote unasikia."

Mkulima anacheka nao. Lakini akirudi nyumbani moyo haukai. Kwa sababu yule mama akiongea alisema "jiko lako," "kuku wa hapa," "nyumba ya mzee." Miaka mitatu! Hajasema hata siku moja kwamba kitu fulani hakumpendeza. Yeye na marehemu mke wake walikuwa wakigombana, tena wakigombana kweli: kwa chumvi, kwa mwavuli, kwa matope ya viatu. Na mkulima akakumbuka kwamba siku zile za ugomvi alikuwa na raha. Ikafika mahali siku moja alivua buti zake zenye matope akaziacha makusudi katikati ya sebule, akakaa kwenye kiti akingoja kugombezwa. Mnajua mama alifanya nini? Alizichukua, akaziosha, akazianika juani, akamletea chai.

Mzee wa watu aliinywa ile chai karibu alie.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: mke wake ajisikie yuko kwake. Na alichokiogopa kilikuwa kimoja. Aliogopa kwamba siku moja atarudi kutoka shambani akute sanduku limefungwa na kamba, na mama anaaga kurudi ng'ambo, kwa upole uleule, bila neno baya, kama mtu aliyemaliza siku zake za kutembelea. Kwa hiyo akafanya kila alichojua. Alimnunulia kiti chake mwenyewe, chenye mto, hakuna mwingine anayekikalia. Alimnunulia kikombe chake chenye maua. Wageni wakija anawaambia, "Hicho acheni, ni kikombe cha mama." Alimheshimu mno. Alikaa na mkewe kama mtu aliyetembelewa na askofu.

Sasa banda limeingiaje?

Kuku wa boma lile walikuwa wakilala jikoni, kama kwa wengi wetu. Kila asubuhi mama anaanza siku kwa kufagia vinyesi kabla hajawasha moto, anakohoa na vumbi. Halafu kicheche akagundua tundu chini ya mlango wa jiko. Akachukua kuku mmoja, wiki iliyofuata akachukua wa pili. Mkulima akasema, "Basi. Nitajenga banda."

Mama akasema, "Sawa, mzee."

Na mkulima akapata wazo lililomfurahisha mpaka akakosa usingizi. Atamjengea mama banda ambalo halijaonekana upande ule wa mto wala upande huu. Akiliona tu atajua kwamba amependwa.

Wapendwa, yule mtu alipanga! Mimi nimeona watu wakipanga harusi, nimeona kamati za ujenzi, sijaona mtu aliyepanga kitu kama alivyopanga yule mzee banda la kuku. Alinunua daftari la kurasa themanini na penseli. Akatoa kigoda akakaa uani asubuhi na jioni, anawatazama kuku, anaandika. Na ukikaa ukamtazama kuku, utajifunza mambo. Aligundua kwamba kanga wake wawili hawalali chini hata uwabembeleze, wanataka kuwa juu kuliko wote. Bata hawajui kupanda fito, wanataka sakafu na majani makavu, na maji ukiwapa watayamwaga mpaka kila mtu alale kwenye tope, kwa hiyo chombo chao kikae nje. Kuku anayetaka kutaga anatafuta giza na hataki kutazamwa, kama mtu anayebadilisha nguo. Jogoo hakubali kulala mahali ambapo haoni mlango.

Yote aliandika. Alimkamata kuku mmoja akampima kwa futi kamba ajue anahitaji nafasi gani kwenye fito. Akajaribu kumpima jogoo pia. Jogoo akamwachia alama mkononi, na hiyo nayo ikaandikwa kwenye daftari: jogoo, kadiria tu.

Akazunguka kutazama mabanda ya wenzake. Kwa nesi mmoja mstaafu alikuta bati limewekwa chini sana, kuku wanahema midomo wazi saa sita mchana. Akaandika. Kwa jirani mwingine banda limeinuliwa juu ya nguzo vizuri kabisa, lakini mabanzi ya sakafu yameachana, vifaranga wananasa miguu. Akaandika. Alikuwa na furaha kama ya mtoto mwenye kalamu za rangi. Mama akipita na ndoo anamwona ameinamia daftari, anauliza, "Chai nikuletee hapohapo, mzee?" Naye anafunika daftari kwa kiganja. "Niletee, mama. Utaona. Wewe subiri utaona."

Hebu niwaulize. Nani alikuwa akiwalisha kuku wale? Nani alijua yupi anataga wapi, yupi anakula mayai yake mwenyewe, yupi ni mama mzuri na yupi anawakanyaga watoto? Yule aliyekuwa akipita na ndoo! Na mzee wetu alimwuliza neno lolote? Alimwuliza nesi. Alimwuliza jirani. Mke wake hakumwuliza, kwa sababu alitaka kumfurahisha, na zawadi mtu haulizwi.

Mpango ulipokamilika akamwita fundi seremala, mtu wa maneno mengi lakini mkono wake safi. Fundi akafungua daftari, akasoma, akafungua ukurasa mwingine, akasoma.

"Kaka," akasema, "hapa hata mimi ningehamia. Lakini huu ukuta wa katikati ni wa nini?"

"Banda lina vyumba viwili," mkulima akasema. "Upande huu kuku wa nyumbani. Upande huu kuku wa mama."

"Wanapigana?"

"Walipigana sana walipokuja."

"Lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Na siku hizi?"

Mkulima akakasirika kidogo. "Fundi, mimi sitaki mtu aonewe. Futi nane kwa sita huku, futi nane kwa sita huku. Fito tano, fito tano. Viota vinne, viota vinne. Mlango wao na mlango wetu. Asije mtu akasema nimependelea."

Fundi akafunga daftari. "Mbao ni zako na ukuta ni wako," akasema. "Mimi kazi yangu ni misumari."

Jumamosi asubuhi wakaanza. Fundi akapigilia vigingi, akavuta kamba, na mkulima akafuata nyuma ya kamba na kopo la majivu, akimwaga taratibu, mpaka banda zima likachorwa chini, jeupe juu ya udongo mwekundu. Kuta za nje. Milango miwili. Na katikati mstari mmoja mnyoofu ambao aliurudia mara mbili ili uonekane vizuri. Akasimama pembeni akautazama, akaridhika. Kisha akaita kwa sauti.

"Mama! Njoo uone!"

Mama akatoka jikoni, mikono ina unga. Akasimama kwenye ukingo wa majivu. Mkulima akaanza kumtembeza, anaruka mistari kama tayari kuna kuta. "Hapa kanga, juu. Hapa bata, wanatokea hapa. Sasa tazama, huu upande ni wetu, na huu wote, mpaka kule, ni wenu. Mlango wenu huu hapa. Nimepima mwenyewe. Hakuna uliozidi hata inchi."

Akangoja.

Mama hakusema "Sawa, mzee." Alikuwa anatazama chini. Na wakati uleule kuku mmoja mwenye watoto akakatiza pale, kama wanavyokatiza popote pasipowahusu, anaparua kwenye majivu mapya, vifaranga kumi na mmoja nyuma yake.

Hapa nisimame niwaeleze wanaume, kwa sababu sisi tunamjua kuku akiwa sahanini. Kuku akitaka kuatamia, mwenye nyumba hamwekei mayai yake tu. Anachukua mayai mazuri yaliyopo kapuni, ya kuku huyu na ya yule, na ya bata kama yapo, anamwekea yote. Kuku hasomi majina. Anayalalia yote, anawaangua wote, na atakayegusa mmoja wao atajuta. Basi yule kuku alikuwa na manyoya tele shingoni, kuku wa nyumbani. Lakini nyuma yake walifuata wenye manyoya na vishingo, na mwisho kabisa vibata viwili vinayumba.

"Mzee," mama akasema, "na huyu umempangia wapi?"

"Huyu ni wa nyumbani. Upande huu."

"Na watoto wake?"

Mkulima akawatazama. Daftari la kurasa themanini, na hili halikuwemo. "Hawa wenye manyoya watakaa naye," akasema. "Vishingo wakishapata nguvu tutawahamishia kwenu. Na hivyo vibata."

"Utawatoa kwa mama yao kwa sababu ya shingo?"

Fundi akainama akaanza kutafuta msumari ambao haukuwa umepotea.

"Si kwa ubaya, mama," mkulima akasema. "Ni ili kuku wako wasionewe."

"Kuku wangu ni wepi?"

"Si hao vishingo?"

Ndipo yule mama alipopangusa unga mikononi, akaunyoosha mkono, na akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema miaka mitatu.

"Mzee, mimi nilikuja na kuku saba. Wanne walikufa na mdondo mwaka uleule, ukachimba shimo wewe mwenyewe tukawafukia. Wawili tuliwala, mmoja Krismasi na mmoja siku aliyokuja binti yako, na paja ulikula wewe. Yule chongo kachukuliwa na kicheche juzijuzi. Saba wamekwisha! Kuku niliokuja nao hayupo hata mmoja. Wamebaki bata, na bata hawajagombana na mtu. Hao wote unaowaita wangu wameanguliwa hapa, kwenye jiko hilo, chini ya kuku yeyote aliyekubali kulala. Mayai nachanganya mimi. Hata hao wenye manyoya unaowaita wa nyumbani, wengine mama zao ni vishingo. Na tenga langu lilikuwa na mitetea mitupu, mzee. Jogoo sikuja naye. Baba yao wote ni yule pale."

Akaonyesha kidole. Jogoo alikuwa juu ya kuni, anajisafisha bawa, hana habari.

"Mimi nimeshasahau yupi ni wa nani," mama akasema. "Kuku wenyewe wameshasahau. Kwenye boma hili lote aliyebaki anakumbuka ni wewe peke yako."

Mkulima alisimama na kopo lake la majivu. Na mama hakuwa amemaliza. Sauti ilishuka, lakini haikunyamaza.

"Kuku wa mama. Kiti cha mama. Kikombe cha mama. Miaka mitatu nasikia hivyo. Nikasema, sawa, mwenye nyumba kanionyesha pangu, niheshimu pake. Basi nikasema jiko lako, nyumba yako. Nilidhani ndivyo unavyotaka."

Wapendwa, yule mzee aliona aibu. Aliona aibu na wakati huohuo kifua kikawa chepesi, kwa sababu alichokiogopa miaka mitatu kumbe alikuwa akikijenga mwenyewe, futi nane kwa sita, tena kwa upendo. Machozi yalimlenga na hakuyaficha.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilitaka ujisikie umefika."

"Nilifika zamani," mama akasema. "Wewe ndiye uliyebaki mlangoni unanikaribisha."

Mkulima akaweka kopo chini. Akasogea katikati ya banda lake la majivu, akaanza kuufuta ule mstari kwa mguu, kutoka kigingi hadi kigingi, mpaka ukapotea kwenye udongo. "Fundi," akasema, "ukuta huu haupo."

"Nilikuwa nakungoja useme hivyo tangu juzi," fundi akasema.

Mama akageuka kurudi kwenye ugali wake. Akapiga hatua nne, tano. Akasimama. Akageuka.

"Na huo mlango!"

"Mlango umefanyaje?"

"Umeuelekeza upepo wa mwezi wa sita unakotoka! Unataka vifaranga wangu wafe na baridi? Umezaliwa hapa, umezeekea hapa, hujui upepo unatoka wapi? Ugeuze huko kwenye migomba. Na viota umesema futi ngapi kutoka chini? Nne? Mayai nitaokota na ngazi? Shusha! Na fundi, wewe umesoma daftari lote hilo hukuliona hili, au na wewe ulikuwa unaogopa kusema?"

Fundi akamtazama mkulima kwa wasiwasi. Mwanamume kugombezwa mbele ya fundi, kwenye boma lake, kwa kazi aliyoipanga miezi miwili! Fundi akatarajia makubwa. Lakini mkulima alikuwa amesimama palepale, meno yote nje mpaka jino la mwisho.

"Unacheka nini?" mama akauliza.

"Sicheki," mkulima akasema. "Na fito je? Fito umezionaje?"

"Fito zako ni nyembamba! Kuku wataning'inia kama nguo?"

Wakabishana pale mpaka ugali ukaungua, na yeye mama ndiye aliyemlaumu mzee kwa ugali kuungua. Banda likajengwa kwa wiki mbili, chumba kimoja, mlango kwenye migomba. Kanga juu, bata chini, na wengine wote kila mmoja alipojipatia. Siku za kwanza walidonoana kidogo kugombea fito, wakazoea. Nimeambiwa wanataga vizuri.

Huo ndio mfano. Sasa tuje kwetu, na naona baadhi yenu mmeshafika kabla yangu.

Sisi hapa mlimani, mwaka ule maporomoko yalipofukia nyumba za wenzetu wa bondeni, tuliwapokea. Nasema tuliwapokea vizuri, na Mungu aliona. Tulitoa mablanketi, tulitoa mahindi, tukagawana mashamba. Na humu ndani, ili wasije wakasimama nyuma kama watu wa kukosa, tukawapa mabenchi yao kabisa, upande wa kushoto, karibu na madirisha. Ulikuwa upendo ule. Ilikuwa lini? Miaka kumi na tisa iliyopita. Tazameni wanakaa wapi leo.

Zilikuja kaya kumi na moja. Wazee waliokuja nazo wengi wao tumewazika hapo nje, na majembe tulishika sote. Hawa mnaowaona upande wa kushoto leo, wanaoimba sauti ya tatu, nimewabatiza mimi kwa mkono huu. Wamezaliwa hapa. Wengine bibi zao ni wa upande wa kulia, na wengine wa kulia babu zao walikuja na maporomoko; nikianza kuwapanga kwa ukoo ibada haitaisha. Wao kwa wao walishachanganyika kwenye ndoa, kwenye misiba, kwenye mipaka ya mashamba. Ni nani basi aliyebaki anakumbuka?

Mimi. Jumapili iliyopita, kwenye madhabahu hii, nilisema hivi, na mliosikia mtanishuhudia: "Tunawashukuru wenzetu wa bondeni kwa kuja kuungana nasi." Nikawashukuru kwa kuja! Kuna mama pale dirishani amepamba kanisa hili kila Pasaka tangu akiwa msichana, na mimi namshukuru kwa kuja. Alitabasamu kwa adabu. Nilipofika nyumbani nikakumbuka lile tabasamu, nikasukuma sahani pembeni.

Na sasa tunajenga kanisa jipya. Kamati ina watu tisa. Wamekaa miezi, wamepima, wamechora, wamekwenda kutazama makanisa ya wengine, na ni watu wema, kila mmoja wao. Nimewauliza jana: kati yenu tisa, nani anakaa upande wa kushoto?

Huo ukimya mnaousikia sasa, na jana ulikuwepo.

Tumewawekea hata kwaya yao mahali pake kwenye ramani. Sawasawa na ya upande wa kulia, kwa inchi. Tulikuwa tunangoja jengo liishe tuwaite waje wafurahi.

Ndugu zangu wa mabenchi ya kushoto, leo sitawakaribisha, na mkinisikia tena nawakaribisha mniambie nishuke. Ibada ikiisha, ramani itatandazwa juu ya meza hapo nje, na penseli ipo, na kifutio kipo. Kamati itakuwepo, wote tisa, na wamekubali kusikiliza. Msije kuitikia kwa heshima. Mimi ni mchungaji wenu, si mwenyeji wenu. Njooni mseme pale tulipokosea, kwa sauti, mbele ya watu. Njooni mnigombeze.

Amina.